Matundu Kumi na Mawili

3 Juni

Kwako Babu, mume mwenzangu,

Shikamoo. Salamu ni nyingi, imebidi niikalie bahasha ndipo ikafungika. Sisi huku wazima, isipokuwa vidole vyangu vya miguu. Sijavisikia tangu wiki iliyopita, nadhani bado vimo ndani ya soksi. Mke wetu naye mzima. Ananuna asubuhi, anagomba mchana, jioni anakusema wewe, basi siku inaisha vizuri. Jirani yetu muuza maziwa anakusalimia, ng'ombe wake amezaa ndama mwenye sura ya yule mwalimu aliyenifukuza darasa la sita. Kinyozi ameweka ubao wa drafti pale dukani kwake. Sitaki kujisifu, ila wateja wa kinyozi wananyolewa na yeye halafu wananyolewa tena na mimi.

Kifua chako vipi? Wanakupa dawa au wanakupiga picha tu? Bibi anauliza unarudi lini. Mimi siulizi, nikijua ukirudi nitanyang'anywa mke.

Sasa habari yenyewe. Babu, mwaka huu baridi imekuja na visu. Maji ya kuku yanaganda, kila asubuhi nayavunja kwa ile nyundo yako ndogo isiyoruhusiwa kuguswa (samahani). Mayai yanapasukia kwenye masanduku ya kutagia kabla hatujayaokota, ute umeganda kama nta. Kuku wamegoma. Wanapanda kwenye masanduku, wanapima ubaridi wa maranda kwa makalio, wanashuka. Na Bibi ndiye anayeteseka, maana siku ile gari la hospitali linakuchukua ulimwambia, "Nitunzie kuku wangu," basi yeye kalishika hilo neno kama kiapo. Ameapa utawakuta wote kumi na wanne. Anawahesabu asubuhi na jioni. Anatoka na khanga moja kwenda kuwafunika magunia, anarudi anatetemeka, anakohoa, ukimwambia kitu anakurushia mwiko.

Nikasema hapana. Nyumba ina mwanamume.

Kwanza nilijaribu kandili kwenye sanduku la yule kuku tunayemwita Mama Mkwe. Akalipiga teke. Nikafikiri siku mbili. Siku ya tatu nikachimba shimo bandani, chini ya safu ya masanduku yako sita, nikaweka jiko la mkaa, juu yake nikalaza kipande cha bati ili maranda yasishike moto. Kando ndoo ya mchanga, kwa usalama. Na mkaa nauwashia nje kwanza mpaka uwe mwekundu kabisa, hivyo moshi hakuna hata wa kumtoa nzi chozi. Lakini joto likawa linapotea! Nikapanda juu ya kigoda kuchunguza, nikacheka peke yangu. Babu, fundi mzima, seremala wa miaka yote hiyo, umeacha matundu kumi na mawili juu ukutani, chini tu ya bati la paa! Baridi inaingia kama imealikwa. Nimeyaziba yote kwa matambara na udongo. Sasa ukifunga mlango joto halitoki hata kidogo. Juzi mayai manne, jana saba. Banda nimeliita hoteli. Nikikuandikia tena utaniita Injinia.

Bibi anasema: Mwambie huyo mzee asijifanye mgonjwa sana, upande wake wa kitanda nimeanikia vitunguu.

Wako, mume mdogo,
Injinia


17 Juni

Kwa mjukuu wangu, mwizi wa mke wangu,

Marahaba. Barua imefika, nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti maana jirani yangu wa kitanda aliniomba. Ni fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, kifua chake ni kama changu. Amecheka habari za makalio ya kuku mpaka muuguzi akaja kumpiga mgongo. Anakusalimia, anasema ukikosa kazi uende ukamtafutie wateja.

Mimi naendelea. Chakula ni cha moto, blanketi ni mbili. Wodi yetu ina vitanda ishirini, na mwisho wa korido kuna chumba kimoja kidogo. Wanaohamishiwa huko hawarudi kuchukua vijiko vyao. Kwa hiyo sisi wa vitanda ishirini tunajiona watu wazima wenye afya. Kurudi, daktari anasema baridi ikiisha tutazungumza.

Ng'ombe wa muuza maziwa mpe hongera. Nyundo irudishe.

Kuhusu baridi ya kuku: jaza maranda makavu kwenye masanduku, kiganja kizima kizame. Mbele ya kila sanduku tundika kipande cha gunia kama pazia. Jioni chemsha maji, tia kwenye chupa, valisha chupa soksi, weka moja kila sanduku. Baba yangu alifanya hivyo na kuku wake walitaga.

Sasa hapa msomee Bibi yako polepole. Wewe Injinia ni mjinga. Yale matundu kumi na mawili hayakutobolewa na panya, niliyatoboa mimi kwa keekee, moja moja. Yazibue leo. Jiko litoe bandani leo, na mke wangu asikae mle mlango ukiwa umefungwa, hata kidogo. Usiniulize kwa nini, fanya.

Mwambie pia vitunguu avitoe kitandani kwangu, harufu inanifikia huku.

Babu yako


1 Julai

Kwako Babu, mshindani wangu niliyekushinda,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimemsomea Bibi yote mwanzo mpaka mwisho. Amecheka sana pale pa fundi cherehani. Pale pa vitunguu akasema pua yako ilikuwa ndefu tangu ujana. Mpe salamu huyo fundi, mwambie suruali yangu imetoboka mahali nisipopasema.

Habari za huku. Barafu nyeupe asubuhi kwenye majani, ukikanyaga inalia kama biskuti. Muuza maziwa anafunga mdomo kwa kitambaa anapokuja, hivyo siku hizi umbeya wake hausikiki vizuri, tunaukisia. Drafti naendelea vizuri. Amekuja fundi baiskeli mmoja kutoka mtaa wa pili, eti bingwa. Nimemla kete zote, akaondoka bila kunyoa, upande mmoja wa kichwa una nywele.

Kuhusu ushauri wako, nimeusikia. Maranda nimejaza. Magunia nimetundika. Chupa za maji ya moto ni kazi ya yaya, Babu, na kuku si watoto. Hayo mengine nitayashughulikia hali ya hewa ikitulia. Najua unaogopa moto. Nimekuambia ndoo ya mchanga ipo, nimeongeza na ya maji. Ungekuwepo ungeona mwenyewe, jiko limekaa kwenye shimo lake kimya kama mgeni mwenye adabu.

Na hoteli yangu imepata mteja mkubwa. Nani? Mke wetu! Ule mlango wa chumba chenu unapitisha upepo, jikoni kunavuja, basi alasiri anaingia bandani kuokota mayai, anaona joto, anakaa. Nimempelekea kile kigoda chako cha miguu mitatu. Anachambua maharage, anashona, anawasema kuku kwa majina. Namwambia, "Mama, hapa nyota tano, utalipa?" Ananiambia, "Nitalipa kwa kofi." Kukohoa kumepungua. Umeona? Daktari ni mimi.

Isipokuwa kichwa kinamuuma jioni. Anasema ni miwani. Juzi alitoka bandani akayumba, akashika ukuta, maharage yakamwagika uani. Nikamtania, "Bibi, umekunywa nini na Mama Mkwe?" Akacheka, lakini hakunirushia kitu. Akaenda kulala kabla jua halijazama.

Habari mbaya moja. Kuku wawili wamekufa. Yule tunayemwita Karani na yule mweupe wa kona. Nimewakuta ndani ya masanduku ya chini, wamekaa vizuri, manyoya hayajavurugika, upanga wa kichwani mwekundu mzuri kama wanaona haya. Muuza maziwa anasema ni mdondo. Bibi amelia, Babu. Sijawahi kumwona analilia kuku. Anasema amevunja neno lake kwako, wamebaki kumi na wawili. Sasa anakaa mle muda mrefu zaidi kuwalinda, anasema hafi mwingine mbele ya macho yake.

Usijali. Mimi nipo.

Bibi anasema: Mwambie meno yake ya bandia ameyasahau kwenye kikombe, na tangu ayasahau nyumba ina amani.

Wako,
Injinia


13 Julai

Mjukuu wangu,

Barua hii nampa dereva wa gari la hospitali anayepita njia yenu, siamini posta. Sina salamu ndefu.

Kuku wa mdondo hafi akiwa amekaa vizuri. Anapinda shingo, anaharisha, upanga unakuwa mweusi. Hao wako hawakuwa na mdondo.

Mtoe Bibi yako mle ndani. Sasa hivi, ukiwa bado umeshika karatasi. Fungua mlango, zibua matundu, mwaga mkaa uani. Kuku wakifa kwa baridi na wafe wote, mimi sina kiapo na kuku.

Nijibu kwa dereva huyo huyo.

Fundi cherehani amehamishiwa chumba cha mwisho.

Babu


20 Julai

Kwako Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na afya yako ikiendelea vizuri. Sisi huku hatujambo.

Nimepata barua yako kwa dereva tarehe kumi na sita. Nisamehe sikukujibu kupitia kwake, alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na shughuli. Jiko nimelitoa. Matundu nimeyazibua yote kumi na mawili. Mlango wa banda uko wazi. Kuku wako salama.

Pole kwa fundi cherehani.

Hali ya hewa bado ni baridi. Watu wengi walipita nyumbani wiki iliyopita, uani kulijaa, lakini wameondoka. Muuza maziwa anatusaidia kupika. Kinyozi amefunga duka kwa siku chache.

Usiwe na wasiwasi, kula chakula na umeze dawa.

Bibi anasema: Mwambie mume wangu nampenda sana na ninamkumbuka kila siku, na Mungu amponye.

Mjukuu wako


3 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mwandiko umeharibika, utanisamehe. Natumia ile penseli yangu bapa ya kuchorea mbao, kalamu inanitoka vidoleni.

Nimeoa miaka arobaini na mmoja. Siku ya harusi mke wangu aliniambia nimevaa kama mtu wa kuazimwa. Alipojifungua mama yako akaniambia mtoto kachukua masikio yangu, pole yake. Siku gari la hospitali linanichukua alinifunga kamba za viatu, akasema, "Nenda, utuachie hewa." Hajawahi kuniambia ananipenda. Hakuwa na haja. Kwa hiyo uliponiandikia maneno yale matamu chini ya barua, niliikunja, nikageukia ukutani. Muuguzi akaniuliza kama kifua kimezidi. Nikamwambia ndiyo.

Na mengine. Wewe hukumwita "mke wetu" hata mara moja. Hukujisifu. Uani kumejaa watu, muuza maziwa anapika kwetu, kinyozi amefunga duka. Kuku hukuwataja idadi, na katika nyumba ile kuku wanahesabiwa kila siku na mtu mmoja tu.

Sitakuuliza kama amekufa. Nakuuliza mawili. Siku gani? Na mistari yangu ya barua ya kwanza, ile niliyosema umsomee polepole, ulimsomea?

Kabla hujajibu nikuambie nilichokificha mimi, maana usidhani mwenye kuficha ni wewe peke yako.

Bibi yako alikuwa na mdogo wake wa mwisho, kijana wa rika lako, mdomo kama wako. Nilimchukua karakanani kumfundisha kazi. Siku hizo gundi yetu ilikuwa ya ngozi, inayeyushwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, na ikipigwa na baridi inaganda kabla hujaunga mbao. Asubuhi moja ya baridi kama hii nilimwambia afunge mlango na madirisha, aangalie gundi, mimi nikaenda kuchukua mbao. Moshi haukuwepo. Mkaa ulikuwa mwekundu, mzuri, kama unavyouwasha wewe. Nilimkuta amelalia meza ya kazi, sura nyekundu, ungesema amelala. Mkaa una sumu isiyonuka wala kuonekana, na ikikosa pa kutokea inakaa na wewe chumbani. Hilo nililijua siku ile.

Bibi yako nilimwambia ni homa ya ghafla. Miaka yote akaamini ni homa. Tangu hapo kila nilichojenga, hata choo, hata banda la kuku, nimetoboa matundu juu. Watu wakauliza, nikasema ni mtindo.

Sasa umeelewa kwa nini sikukueleza. Barua zangu unamsomea yeye kwa sauti. Ningeandikaje? Nikaona amri inatosha. Nikaandika, usiniulize kwa nini, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu wote. Mstari mmoja zaidi ungetosha, sikuuandika.

Sijakusamehe na sijakulaani. Bado sijafika huko kote. Nijibu kweli tupu. Na ukijibu, pale chini anaposema yeye, usipazibe kwa maneno yako.

Niko chumba cha mwisho sasa. Kina dirisha, halifungi vizuri. Nimewaambia waliache hivyo hivyo.

Babu yako


15 Agosti

Babu,

Shikamoo. Nimechana karatasi tatu kabla ya hii. Nimezoea kuandika nikiwa nacheka, sasa sijui sentensi inaanzia wapi.

Ilikuwa tarehe kumi na moja Julai, siku mbili kabla hujaandika ile ya dereva. Ilipofika, ilikuwa siku ya nne tangu tumzike.

Mistari sikumsomea. Niliruka.

Tulikuwa tumekaa dirishani, yeye anamenya viazi, mimi nimesimama nasoma kwa mbwembwe, sauti yako na sauti ya fundi cherehani, anacheka mpaka kisu anakiweka chini. Nikafika pale pa "Wewe Injinia ni mjinga". Siku ile ile asubuhi alikuwa amemwambia muuza maziwa kwamba mjukuu wake ana akili kuliko waliomaliza shule. Alilisema mbele yangu, Babu. Hakuwahi kunisifu kabla ya hapo. Nikaona siwezi. Macho yakaruka mpaka pale pa vitunguu. Nikajiambia Babu anaogopa moto tu, na ndoo ninayo.

Akaniuliza, "Ndiyo hayo tu?"

Nikasema, "Ndiyo hayo tu."

Akasema, "Mbona karatasi ina maandishi mengi kuliko maneno?"

Nikamwambia, "Babu ana mwandiko mpana, Bibi. Herufi moja inakaa kama ng'ombe." Akacheka, akaendelea kumenya viazi. Kusoma hakujua, lakini karatasi aliijua.

Siku yenyewe ilikuwa na manyunyu na upepo. Alasiri. Alikuwa na kichwa tangu asubuhi, akasema leo atakaa tu ndani ya nyumba. Mimi ndiye niliyemwambia, "Utaganda humu, nenda hotelini kwangu, nimeshakuwashia." Nilibeba kigoda. Nilibeba blanketi. Niliongeza mkaa kuliko siku zote, nikitaka ajue kwamba namjali. Mlango ulikuwa unapigwapigwa na upepo, kwa hiyo nilipotoka niliufunga kwa komeo la nje.

Akaniuliza kutoka ndani, "Unarudi saa ngapi?"

Nikasema, "Mchezo mmoja tu, mke wangu."

Akasema, "Ukifungwa usirudi na sura hiyo hapa."

Yule fundi baiskeli alikuwa amerudi na nduguye kulipiza. Tulicheza michezo mitatu. Nilishinda yote mitatu. Kinyozi alinibeba mabegani.

Niliporudi kuku hawakutoa sauti, nikadhani wanataga. Nikafungua komeo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kwenye masanduku, mkono mmoja umo ndani ya sanduku la Mama Mkwe kama anatafuta yai. Mashavu mekundu. Nilifurahi, Babu. Niliona amepata rangi, nikamwambia, "Bibi, nimewala wote." Nikamwambia mara mbili.

Muuza maziwa ndiye aliyenitoa mle. Yeye alisema ni moyo, watu wote wakasema ni moyo, na mimi nikaitikia, ndiyo, ni moyo. Nilijua mimi tu, na sikujua vizuri mpaka ilipofika barua yako ya tarehe tatu. Jana nimemwambia muuza maziwa ukweli. Ameniachia maziwa, ameondoka. Kinyozi bado sijamwambia. Nitamwambia.

Alipofia, Mama Mkwe naye alifia hapo hapo pamoja na wengine watatu. Wamebaki wanane. Sikukuandikia idadi kwa sababu hiyo. Sasa nawahesabu mimi, asubuhi na jioni.

Matundu nilizibua siku niliyopata barua ya dereva. Udongo ulikuwa umekauka kama saruji, nikatumia keekee yako. Nilipotoboa la kwanza hewa iliingia ikanipiga usoni, baridi, na nikasimama pale juu ya kigoda sijui kwa muda gani. Halafu nikaendelea mpaka la kumi na mbili. Moja lilikuwa limepinda kidogo, nadhani siku ulipolitoboa ulikuwa umechoka. Nimeliacha vile vile. Shimo la jiko nimelifukia.

Jioni nachemsha maji, natia kwenye chupa, nazivalisha soksi, kila sanduku moja. Zile soksi ni za kwake. Wawili wameanza kutaga tena.

Baridi inapungua, Babu. Ulisema ikiisha mtazungumza na daktari. Simwelewi huyo daktari, na chumba chako kile ulikisema mwenyewe kwenye barua ya kwanza kwamba watu hawarudi kuchukua vijiko. Nakuja. Muuza maziwa atakaa na kuku siku nne. Nitapanda lile gari la hospitali Jumanne, nikija nitakuletea mayai mawili na meno yako. Ukitaka kunipiga, nitakaa karibu na kitanda, usihangaike kuinuka. Tafadhali unisubiri.

Vitunguu nimevitoa kwenye kitanda chako. Upande wake sijaugusa.

Ulisema pale chini nisipazibe. Safari hii nimekutii.

Mjukuu wako

Bibi anasema: